Nukta ya Kumi na Moja

Saa sita usiku naweka nukta ya kwanza,
mashariki ya mbali, penye maji matupu.
Hapa Dodoma vumbi linapenya dirishani bila hodi,
linakaa juu ya ramani, nalipuliza.
Mgandamizo: milibari mia tisa themanini na nne.
Nasaini: N. Chiloli, zamu ya usiku.

Saa tisa, nukta ya pili. Alfajiri, ya tatu.
Penseli inasogea upana wa ukucha;
kule ni kilomita sitini, na mawimbi yenye kimo cha nyumba.
Kwenye skrini kinazunguka cheupe, polepole,
kama unga wa uwele unavyoufuata mwiko
mama anapoanza kusonga.
Samahani kwa mfano huu. Nilikuwa na njaa.

Mama yuko Ilindi. Alipiga simu jioni:
"Ninyi wa hali ya hewa, mvua mmeiweka wapi?
Uwele umetoa masuke, ardhi inapasuka."
Ningemwambiaje kwamba mawingu yake
yameitwa baharini, yameondoka bila kuaga,
kwamba kuna kitu kule kinavuta pumzi
na pumzi yenyewe ni yetu?
Nikasema, subiri wiki moja.
Sikumtaja Ndahani.

Ndahani, kitinda mimba wetu,
aliyeoga kwa kopo moja hadi darasa la saba,
serikali ikampeleka kufundisha hesabu
kwenye kisiwa kimoja kusini ya Mafia.
Ujumbe wake wa kwanza: Dada, maji yametuzunguka,
na ya kunywa tunayapima kwa kopo vilevile.

Nukta ya tano, ya sita. Sikurudi nyumbani mchana.
Natunga taarifa: *wavuvi na watumiaji wengine wa bahari
wanashauriwa kuchukua tahadhari.*
Kisha nampigia yeye, nje ya utaratibu.
Toka kwenye nyumba ya bati. Nenda msikitini, kuta ni za mawe.
Anacheka. "Watoto wameshaingia, Dada. Na mbuzi.
Kuna bibi kaja na mlango wake wa kuchonga,
kaung'oa mwenyewe, kautandika chini.
Anasema upepo haubebi mlango aliolalia mtu."

Ya nane.
Ya tisa.
Ya kumi naiweka, nainua mkono,
kisiwa hakipo. Nimekifunika.
Si kimbunga, ni risasi ya penseli tu.
Nafuta kwa kidole, kinabaki kivuli.
Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.
Yule mwanamke wa mtandao ana sauti tulivu mno.

Jua linashika mlima Mlimwa, jekundu, kavu.
Mhagama kaja kunipokea; kiti sikiachi.
Nukta ya kumi na moja anaiweka yeye,
nchi kavu, nyuma ya Kilwa,
pale upepo unapochoka ukawa mvua tu.
"Kimekufa," anasema.
Ndivyo tunavyosema kazini.

Siku ya tatu, simu inatetemeka mezani:
*Tuko hai. Mwani wote umekwenda, kamba na vigingi.
Kisima kina chumvi. Minazi imelala, vichwa bara.
Mashua nane hatuzioni, wala mzee Shomvi na mjukuu wake,
walirudi ufukweni kuikaza ya kwao.
Daftari la mahudhurio limelowa, nimewaita watoto kwa kichwa.
Wameitika wote isipokuwa mmoja.*

Kwenye fomu naandika: waliopotea, wawili.
Safu ya maoni ina mistari minne.
Naiacha.

Jumamosi naenda Ilindi.
Uwele umesimama shambani kama karatasi.
Namweleza mama yote, kuanzia nukta ya kwanza,
naye anamimina maji kopo kwa kopo kwenye mtungi,
hamwagi hata tone.
Ananyamaza sana. Halafu:
"Huyo mtoto ana koti la mvua?
Sisi hapa hatukuwahi kumnunulia."